Kutafuta Kaunta ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hali chakula mbele yangu. Hakuna ugomvi kati yetu. Kwetu Burundi ndivyo walivyolelewa watu wa umri wake, na hata maisha ya kambini kule Kigoma, ambako familia nzima ilipika, ikala na kulala chini ya turubai moja, hayakumbadilisha. Alikuwa akigeukia turubai, anakula, anamaliza. Tulipohamia Buffalo, Marekani, alipata chumba chenye mlango, na mambo yakawa rahisi. Sahani iliingia imejaa, ikatoka tupu, nami sikuulizwa kitu.

Kisha akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Daktari akasema kuanzia sasa ale kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na awepo mtu wa kuhakikisha kwamba anakula kweli. Mtu huyo nikawa mimi. Mke wangu hushinda akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mimi nafanya kazi usiku katika ghala moja huko Cheektowaga, kwa hiyo mchana nipo nyumbani, nusu nimelala. Kila jioni mke wangu aliniuliza kama mama amekula, nami nilimjibu kwamba sahani imetoka tupu. Siku moja akazunguka nyuma ya nyumba, akakuta wali chini ya dirisha la mama yake, na kando ya wali kindi wawili wanene kuliko kindi wote wa North Buffalo.

"Mimi nakuuliza habari za mama," akaniambia, "wewe unanipa habari za sahani."

Mama hakuwa mkaidi. Alishindwa tu. Sahani kubwa ilimtisha, na kurudisha chakula ni aibu kwa mtu aliyewahi kupanga foleni ya mahindi. Mwili ulizidi kupungua, nguo zikawa zinamning'inia.

Siku moja tulipotoka kliniki alipata kizunguzungu ndani ya gari. Ilibidi ale hapo hapo. Mwenzangu wa kazini, Mpuertoriko, alikuwa amenisimulia kuhusu baa moja ya Kihispania mtaa ule, ambako chakula huletwa kwenye visahani vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine. Wanaviita tapas. Nikaegesha gari, tukaingia. Meza zilikuwa zimejaa, tukaonyeshwa kaunta. Tukakaa ubavu kwa ubavu, nyuso zimeelekea rafu ya pombe.

Zilikuja zeituni kwanza, naye akadhani ni zambarau zilizovunwa mapema. Kisha kikaja kipande cha mayai na viazi, yaani chipsi mayai, ila nene na imetulia kama keki. Mama akaniuliza, akiwa anatazama mbele, kama nami natazama mbele. Nikamjibu ndiyo. Baada ya muda nikasikia anatafuna. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwa nimewahi kusikia mama mkwe akitafuna. Nikatulia kama mtu aliye kanisani. Kisahani kilipoisha akauliza kama vipo vingine.

Tukawa tunakwenda kila wiki, na siku nyingine nikajifunza kumpakulia nyumbani kwenye visosi vya chai. Lakini muumini mmoja alituona tukiingia, na habari zikafika kanisani. Mchungaji alikuja na mzee mmoja wa kanisa. Aliuliza kwa upole kama ni kweli kwamba mkwe anampeleka mama baa. Mama akasema ni kweli, tena mara nyingi. Mchungaji akauliza anakunywa nini huko, akaambiwa maji ya moto. Basi kwa nini asiyanywe nyumbani?

"Mchungaji," mama akasema, "pale chupa zinanitazama, ila mkwe wangu hanitazami. Kwa hiyo ninakula."

Mchungaji naye ana mama mkwe. Aliomba sala fupi kuliko kawaida yake, wakaondoka.

Baridi ilipoanza, baa ile ikafungwa, pakawa duka la simu. Nilitafuta nyingine. Mtaa wa Grant Street una chakula cha dunia nzima, na ni kizuri, lakini kinakuja kama kilima na watu wanakaa wakitazamana. Mahali pengine palikuwa na visahani lakini hapakuwa na kaunta. Mama aligeuza kiti akatazama dirisha, na mhudumu, akidhani tumemuudhi, akatuletea keki ya bure.

Masika yaliyofuata, mdogo wa kiume wa mama, aliyeko Louisville, alikuwa anamwoza binti yake. Mke wangu alinyimwa ruhusa kazini, nikampeleka mama mimi. Alikaa kiti cha nyuma na vyakula vyake kwenye mfuko, na kabla hatujatoka mjini aliniomba nigeuze kioo cha ndani kitazame juu. Niliendesha mpaka Columbus bila kujua ni nani yuko nyuma yangu barabarani.

Columbus tulilala kwa shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Alikuwa ametutafutia baa ya tapas kwa bidii, na kweli kaunta ilikuwepo na visahani vilikuwepo. Tulipokwisha kukaa ndipo nilipoona kwamba ukuta mzima wa mbele yetu ulikuwa kioo. Macho yetu yakakutana humo, kila mmoja ameshika kamba wake wa kitunguu saumu. Mama akamrudisha kamba sahanini. Tukaomba tufungiwe chakula tuondoke nacho.

Harusi ya Louisville ilikwenda vizuri, ila pale chakula kilipakuliwa mbele ya ukoo mzima, na mama hakugusa kitu. Kesho yake nikampeleka kwenye baa moja nyembamba kama korido. Hapakuwa na kioo. Viti vilivyobaki vilikuwa viwili, mahali kaunta inapokata kona, kimoja upande huu, kimoja upande ule. Ukikaa pale, mwenzako yuko usoni pako. Mama akasimama muda mrefu. Nikamwambia tunaweza kutafuta pengine. Akasema amechoka, akakaa.

Wakaletwa samaki wadogo waliolowekwa kwenye siki. Akawachunguza.

"Hawa ni dagaa," akasema.

Nikasema labda, nikainamisha uso, nikala haraka ili nimalize nimwachie nafasi. Kisahani kikasogezwa mpaka mbele yangu. Niliuona mkono wake, kisha bila kukusudia nikamwona yeye. Alikuwa anatafuna.

"Kula taratibu, mwanangu," akasema. "Unakula kama mtu anayefukuzwa."

Sikujua macho niyaweke wapi. Nikayaweka kwa dagaa, nikawatafuna mmoja mmoja. Tulimaliza visahani vyote hivyo, tunatazamana na hatutazamani.

Tangu hapo daktari ameacha kututia hofu; uzito umepanda kidogo. Buffalo tumepata baa nyingine, ya mzee mmoja Mhispania anayepika mwenyewe. Mama anamsalimia kwa Kirundi, naye anajibu kwa Kihispania, kila mmoja anauliza habari za nyumbani kwa mwenzake, na nijuavyo mimi majibu huwaridhisha wote wawili.