Jina la Bwana Wakeman

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na leo umenilazimisha kuikumbuka tena, ingawa miguu imenivimba na nilitaka kulala. Nimekusikia kwenye simu ukimwambia mshenga wako aende kwa wakwe akaseme wewe ni meneja wa hoteli. Meneja! Na sare ya ulinzi umeianika hapo dirishani, mtaa mzima wa Najma unaiona.

Hata mimi nilimtuma mjomba wangu vivyo hivyo, akanitajie cheo nisichokuwa nacho. Nilikuwa mgeni hapa Doha, askari wa mlangoni kwenye jengo moja la West Bay, na kule Tanga nilikuwa namchumbia binti niliyempenda sana. Posa ilikuwa Ijumaa.

Katika jengo lile aliishi mzee wa Kiingereza, Bwana Wakeman. Mchana mmoja alikaa mapokezi akingoja gari, nami kwa Kiingereza changu cha kuombea maji nikamuuliza maana ya jina lake, kwa kuwa sikuwahi kulisikia kwa Waingereza wengine. Akasema ni jina la kazi. Zamani, miji ya kwao ilikuwa na mtu wa kukesha, kuangalia moto na wezi. Huyo ndiye aliyeitwa hivyo, na jina likarithiwa na wanawe mpaka likamfikia yeye.

"Kwa hiyo babu yako alikuwa askari kama mimi?"

"Kama wewe."

"Na huoni haya kulitaja?"

"Haya ya nini? Watu walilala kwa sababu yake."

Gari likaja, akaondoka. Nikabaki mlangoni na joto langu, moyo ukiniuma. Nikampigia mjomba: sema mimi ni askari. Akasema. Wakwe wakakataa. Nililia, mwanangu, sikufichi. Mke niliye naye alinikubali miaka kadhaa baadaye, akijua fika kwamba nashinda nimesimama. Nikimpigia nimechoka, simtungii hadithi.

Basi mwambie mshenga wako ukweli kabla hajavaa kanzu. Afadhali ukataliwe kwa kazi yako kuliko kukubaliwa kwa kazi ya mtu mwingine, maana uongo huo utaulinda maisha yako yote, na hapo hakuna wa kuja kukupokea zamu. Mungu akupe mke atakayeitaja kazi yako bila kuinamisha uso, na akujaalie usingizi mwema.

Haya, simu hiyo hapo.