Gam Tatu za Kunguru

Asubuhi ya mwisho ya ukungu waliyoamka wote wawili, Bun-rye alifungua dirisha, akatoa kichwa nje, akashangilia kama aliyefikiwa na mgeni wa mbali. Ukungu ulikuwa umetanda mpaka mlangoni.

"Baba Hyeon-gu, amka! Umekuja!"

"Nani?"

"Ukungu, we mzee. Nani mwingine anakuja nyumba hii alfajiri?"

Sang-deok alijivutia blanketi. Mwaka wa sita huo. Tangu mwana wao Hyeon-gu amletee mama yake kamera, kila majani yakianza kupukutika hali ilikuwa hiyo. Wenzao kijijini waliomba jua mpunga ukauke. Mkewe aliomba ukungu. Alipiga picha za bwawa lisiloonekana, za mlima usioonekana, za njia iendayo pasipojulikana. Hyeon-gu alitumiwa moja huko Seoul, akapiga simu mbio: "Mama, nani amefariki?"

Na mbeba mizigo ni nani? Sang-deok. Stendi ya kamera begani, chupa ya chai ya shayiri mkononi, viazi vitamu vya kuchoma ndani ya koti. Kazi yake nyingine ilikuwa kukaa pembeni asionekane.

Safari hii Bun-rye aliutaka mti wa gam, yale matunda matamu ya mviringo kama nyanya, ulioko ukingoni mwa bwawa. Majani yalikwisha. Matunda yalikwisha, ila matatu kileleni, mekundu kama makaa. Hayo hayachumwi. Mchumaji mwenye adabu huwaachia kunguru, nao wana baridi yao. Wiki mbili Bun-rye alikuwa akiyavizia. Kilichopungua ni ukungu tu.

Basi alipogeuka kutafuta soksi, akaona bakuli kando ya mto wake. Ndani yake gam tatu.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Kula. Wiki nzima unakohoa." Sang-deok alijiona mwanamume. Jana yake jioni alikuwa amehangaika na mwanzi mrefu mpaka shingo ikakakamaa. "Zilikuwa juu kabisa, kule bwawani."

Bun-rye alimtazama mumewe. Akalitazama bakuli. Akaketi.

"Miaka hamsini na moja hujaniletea hata ua. Ukaja kuamua jana."

"Kumbe ulikuwa unazitaka?"

"Kunguru walizitaka! Mimi nilizitaka! Kijiji kizima kinajua za nani, kasoro mume wangu!"

Sang-deok alidhani atalia. Bun-rye alicheka, kikohozi kikamkaba katikati. Kilipomwachia alikwenda kwenye kikapu cha sindano, akarudi na uzi mweusi.

"Beba ngazi."

Ndivyo mzee wa miaka sabini na tisa alivyopanda ngazi ndani ya ukungu kurudisha matunda mtini. Vidole vilikufa ganzi. Bun-rye alishika ngazi kwa mkono mmoja, kamera kwa mwingine, na ulimi wake haukuwa na baridi.

"Hiyo ya kushoto ishushe. Isikae kama taa ya dukani."

"Panda wewe!"

"Nilizichuma mimi?"

Kisha akasema neno jingine. Sang-deok aliguna tu, uzi ulikuwa mdomoni.

Aliposhuka akafukuzwa pembeni, yeye na ngazi yake. Wakangoja. Kunguru mmoja akatua, akageuza kichwa huku na huku, akainama kudonoa. Bun-rye akabonyeza. Halafu wakala viazi, wakarudi nyumbani.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Bun-rye alikwenda mjini kuichapisha ile picha. Akaitia kwenye bahasha pamoja na karatasi aliyoiandika, akamtuma mumewe kwa Pyo, muuza mbolea, mkuu wa chama cha wapiga picha, iingie kwenye maonyesho ya chama. Sang-deok hajui kusoma. Alipeleka, hakuuliza.

Siku ya tatu moyo wa Bun-rye ulisimama akiosha kabichi. Basi.

Pyo alikuja msibani, akamshika mikono. "Kaka, picha ya Dada tutaitundika katikati ya ukumbi." Midomo ilimcheza kama anayezuia kicheko. Sang-deok alimsamehe. Kila mtu na namna yake ya kulia.

Lakini usingizi ulimhama. Sheria ya chama aliijua, mkewe aliisimulia mezani mara nyingi. Picha ya kutengeneza haitundikwi. Mwaka juzi Pyo alishusha ya bwana mmoja aliyenyunyizia majani maji akayaita umande. Sang-deok akisema, mkewe atashushwa ukutani. Asiposema, mkewe atakaa pale juu na uongo, na uongo wenyewe umefungwa na mkono wake yeye.

Siku ya maonyesho alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Hyeon-gu. Picha akaiona tangu mlangoni. Mti mweusi, weupe kila upande, gam tatu, kunguru kainama. Chini yake karatasi yenye mwandiko. Watu walisimama, wakasoma, wakatabasamu, wakamgeukia yeye. Alidhani ni tai imekaa upande.

"Kaka, maneno mawili tu," Pyo akasema.

Sang-deok alikohoa. "Zile gam nilizifunga mimi. Kwa uzi. Nilizichuma kwa ujinga, nikazirudisha. Kosa si lake. Kama mnaishusha, nipeni niende nayo."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mzee wangu," Pyo alisema akijifuta macho, "tunajua. Mwenyewe kaandika hapa: 'Gam zimechumwa na mume wangu, zikafungwa na mume wangu. Kunguru ni wa kweli.'"

"Na sheria?"

"Sheria inakataza kudanganya. Huyu kamdanganya nani? Labda kunguru."

Sang-deok hakucheka. Aliisogelea picha mpaka pua ikakaribia kioo. Uzi ulionekana, kwa anayejua pa kutazama. Ile ya kushoto ilining'inia vizuri. Fundo lilikaa sawasawa. Nyuma yake watu walikuwa bado wamesimama, wakitazama naye, hakuna aliyeondoka. Hapo ndipo lilipomrudia lile neno la Bun-rye chini ya ngazi, alilolijibu kwa kuguna:

"Funga vizuri, Baba Hyeon-gu. Watu watakaa sana wakiitazama kazi yako."