Maji Yasiyo na Viputo

Watu wakiniuliza ni nani aliyetengeneza chombo cha kupumulia wanachovaa wapiga mbizi wa jeshi letu, huwa nawajibu: ni mimi na shemeji yangu. Shemeji akiwepo ananikata jicho. Sawa, yeye ndiye aliyechora, akakata mpira, akagundisha, akajiharibia macho. Lakini kila mtungi na kila bomba lililoingia karakana ile nililileta mimi kwa lori, na hakuna hata moja lililofika limebonyea. Mchoraji bila dereva atachora, halafu?

Mimi na shule tuliachana mapema, kila mmoja akiona mwenzake hamfai. Shemeji alisoma mpaka wakamwonea huruma wakampa kazi jeshini, na katika pitapita zake akamwoa dada yangu, Mungu amrehemu. Karakanani, kuanzia mfagiaji hadi kamanda, wote walimwita Fundi Pumzi. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho.

Alifanya kazi katika chumba kirefu chini ya bati, kinachonuka gundi hata siku ya mapumziko. Kulikuwa na meza yenye jiliwa la kubania vyuma, cherehani ya kushonea mikanda, na mifuko ya mpira iliyotundikwa ukutani kama mapafu buchani. Mwisho wa chumba palikuwa na tangi la maji la kujaribia vyombo, lenye dirisha la kioo kinene. Na jambo nililomcheka miaka yote ni hili: yeye mwenyewe hajui kuogelea. Maji yakimfika magotini anaanza kutafuta pa kushika.

"Shemeji," nilikuwa namwambia, "wewe ni kinyozi mwenye kipara."

"Na wewe una kichwa," anajibu bila kuinua macho. "Umewahi kukitumia?"

Mpiga mbizi akiwa ndani ya tangi, Fundi Pumzi alisimama dirishani akitazama viputo vikitoka mdomoni mwa yule mtu na kupanda hadi juu. Kila fungu likipasuka, midomo yake ilisema taratibu, "Mzima." Anangoja. Vinakuja vingine. "Mzima." Mwanzoni nilidhani anasali. Baadaye nikaona hata mimi siwezi kusimama pale bila kusema naye.

Sasa, jeshi halitaki viputo. Kamanda alikuja karakanani akamweleza hivi, nikiwa nashusha mzigo: "Fundi, nikimtuma mtu wangu chini ya meli ya adui huku maji yanachemka juu ya kichwa chake kama birika, si bora nimpe na tarumbeta?" Alitaka chombo kisichotoa kitu. Mtu aingie majini, maji yajifunge, basi.

Hapo ndipo shemeji yangu alipozama, yeye asiyejua kuogelea. Wazo lenyewe hata mimi nalielewa. Ukitoa pumzi, haiendi majini. Inaingia kwenye mfuko wa kifuani, inapita kwenye kopo lenye punje za chokaa ya kula hewa chafu, inaongezewa oksijeni kidogo kutoka mtungi mdogo, inarudi mdomoni. Mtu anapumua pumzi yake ileile, kama mwenye kinyongo anavyorudia neno lilelile. Kulielewa ni rahisi. Kulifanya ndiko kulikomla shemeji. Chokaa ikiloa inashindwa kazi, na hewa chafu haimpigii mtu hodi. Anaona usingizi mtamu tu. Kwa hiyo kila kopo jipya alilijaribu kwanza kifuani pake, ameketi kwenye kiti, pakavu, hadi kichwa kinamgonga na maneno yanamtoka nusunusu. Dada yangu alimkuta hivyo mara nyingi akamsema hadi akachoka. Akafa dada, makopo yakaendelea.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, mpwa wangu. Alirithi akili za baba na mdomo wangu, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumzuia alipoomba kuingia kikosi cha wapiga mbizi. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja kule. Baba mtu hakusema ndiyo wala hapana. Alimpa mfuko apulize, akapima pumzi yake, kisha akamkatia chombo kwa kipimo hicho, kama fundi cherehani anavyokata gauni la bibi harusi.

"Hiki hakiwezi kukuangusha," akamwambia.

Chombo na binti vikapangiwa mtihani siku moja. Mimi nilivipeleka gatini kwa lori, na sikukanyaga shimo hata moja, aulizwe yeyote. Masharti yalisomwa mbele yetu. Mpwa wangu azame kutoka gatini, afike chini ya meli kuukuu iliyotia nanga mbele, abandike bamba la sumaku tumboni mwa meli hiyo, kisha akae hapohapo mpaka kamanda atakapompigia kengele majini. Juu ya sitaha walinzi watatazama. Wasipoona kitu, chombo kinakubaliwa na binti anaingia kikosini. Kiunoni amefungwa kamba nyembamba, mwisho wake ameshika sajenti. Kamba ni ya kuokoa maisha tu. Ikivutwa kutoka juu, anayezama ameshindwa, na kwa kamanda huyu harudii.

"Mjomba," akaniambia akivaa, "Baba asipandishe presha."

"Baba yako nimemkalia."

"Baba, una neno?"

"Pumua polepole."

"Neno lako ni hilo hilo tangu nizaliwe." Akacheka, akauma mdomo wa mpira, akashuka.

Maji yakajifunga. Ya gati lile ni meusi, huoni hata kidole chako, si kama ya tangi lenye dirisha. Tukatazama. Yalitulia kama sinia. Walinzi kule sitahani walizunguka, wakainama, wakanyoosha mikono kwamba hakuna kitu. Kamanda akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndiyo siku shemeji aliyoingojea maisha yake yote.

"Hongera, shemeji," nikamnong'oneza. "Umefanikiwa kutengeneza hakuna."

Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa imefunguka, imejiandaa kusema lile neno lake, na haikuwa na pa kuliweka. Alitafuta kwenye yale maji, huku na huku, kama mtu aliyeangusha pete. Kamanda hakupiga kengele. Sajenti akapiga miayo. Mkono wa Fundi Pumzi ukaanza kushika shati langu.

"Yuko salama," nikasema. "Wewe si ndiye uliyekitengeneza?"

"Ndiyo maana," akasema. "Najua kila kinachoweza kuharibika."

Kabla sijamkamata alikuwa ameshamfikia sajenti. Aliinyakua ile kamba akavuta kwa nguvu zake zote, anarudi nyuma, anavuta, miwani imeanguka, mtu mzima anavuta kama anayetoa ndoo kisimani nyumba ikiwaka moto.

Mpwa wangu akaibuka. Mzima wa afya. Akatoa mpira mdomoni.

"Kuna nini? Nani kaumia?"

Kamanda akamgeukia shemeji. "Fundi, umeona nini?"

"Sikuona viputo, afande."

Kule sitahani walicheka mpaka wakashikilia vyuma. Hata sajenti aligeuza uso. Kamanda hakucheka; alisema kwa sauti ya chini, "Si ndicho nilichokuagiza?"

Chombo kilikubaliwa palepale, maana walinzi hawakuona kitu. Binti hakukubaliwa. Sharti ni sharti.

Alifungulia mikanda kando ya lori langu, na baba yake akasimama karibu naye akiwa ameshika miwani yenye kioo kilichopasuka.

"Nilikuwa nimefika, Baba. Bamba lilikuwa limeshabandikwa. Nilikuwa nangoja kengele tu."

"Najua, mwanangu."

"Ulisema hakiwezi kuniangusha. Kumbe hukiamini."

"Chombo nakiamini."

"Basi usiyemwamini ni nani?"

Shemeji hakupanda kiti cha mbele tulipoondoka. Alikaa nyuma, kwenye mzigo, na kwenye kioo niliona mgongo wake tu. Niliendesha hadi karakanani nikikwepa kila shimo.

Mpwa wangu aliomba uhamisho, akapelekwa kituo cha mbali ambako jina la baba yake halikuwa kichekesho. Huko alifanya mtihani upya, akafaulu. Anazama hadi leo, na kifuani amevaa chombo kilekile alichokatiwa. Fundi Pumzi walimwandalia soda na hotuba, wakampumzisha. Nyumba yake ni ya vyumba viwili na sebule yenye meza, na juu ya meza ile simu.

Binti hakuwa akipiga. Halafu siku moja, nikiwa pale namtania kama kawaida yangu, simu ikalia. "Haloo?" akasema shemeji. "Haloo?" Nikasogeza sikio. Hakukuwa na sauti ya mtu, ni pumzi tu, nzito, ya mtu aliyetoka kwenye kazi kubwa. Ikakatika.

"Mzima," akasema shemeji.

"Nani?"

"Mpwa wako. Ametoka majini."

"Umejuaje, naye hajasema kitu?"

"Pumzi hiyo niliipima mwenyewe, unaniuliza?"

Ikawa ndiyo desturi yao. Anazama, anatoka, anapiga, anapumua, anakata. Salamu hakuna. Mimi nilimwambia shemeji kwamba bintiye amekuwa na kiburi cha ukoo wake, si wetu. Akaniambia nimwachie kiburi hicho, ndicho kinachompigia simu.

Sasa simu imenyamaza. Si mara ya kwanza kuchelewa, lakini safari hii imepitiliza, hata mimi nimeacha kuhesabu. Tulipiga kituoni. Kijana wa mapokezi alituambia kwa adabu kwamba kazi za kikosi hazizungumzwi kwenye simu. Shemeji akasema asante. Kazi ya kutoonekana, yeye ndiye aliyewatengenezea.

Jana simu ililia. Aliirukia hadi kiti cha kando kikaanguka. Alikuwa kijana anayetangaza magodoro. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, hakumuuliza bei.

"Shemeji," nikamwambia, "ungemwagizia mjomba mtu godoro moja basi, mgongo wangu umekwisha kwa mitungi yako."

Nilikaa nikisubiri anitukane. Alikuwa ameirudisha simu katikati ya meza, ameinamisha uso, anaitazama, midomo wazi. Mikono yake ilikuwa mapajani, inafumba na kufumbua kama inayotafuta kamba. Nikainuka nikakiinua kile kiti kilichoanguka, nikakisogeza karibu naye, nikakaa, nikaanza kutazama naye.