Kitambaa Kikavu Kwenye Kona ya Kushoto

Haya ninayoandika sikuambiwa na mutu, yalinipata mimi mwenyewe. Utasema dereva alikuwa amekunywa. Ni haki yako kuuliza, basi nianze hapo: nilikunywa kikombe kimoja cha pombe ya ndizi mchana, huko Masisi. Jioni ilipofika kilikuwa kimekwisha kutoka kichwani. Nafikiri hivyo. Kuapa siwezi.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa naendesha kamyoneti ya mfanyabiashara mmoja wa Sake, gari zee lililopita mikononi mwa watu wengi, na nilikuwa napeleka chumvi Walikale. Peke yangu. Watu wanafikiri dereva ana marafiki kila mahali. Wanampungia mikono, ndiyo, lakini nani anamjua? Mke wangu alikufa kabla hatujapata mutoto, na tangu pale sauti niliyoizoea ilikuwa ya moteri.

Barabara ile, ukiacha Masisi na kushuka msituni, ilikuwa nyembamba, magari mawili hayapishani. Kulikuwa na kizuizi juu, na kingine chini karibu na Kibua. Zamu wa juu, yaani mlinzi, anapiga ngoma kumwambia mwenzake wa chini: gari linashuka, zuia wanaopanda. Lakini giza likiingia kabla hujatokea, wa chini anafikiri umerudi nyuma, na anayaachilia malori yapande. Ukiwa umesimama njiani bila taa, umekwisha.

Mvua ilinikuta katikati. Kwenye kona moja ya kushoto, moteri ikazima na taa zikazima, vyote kwa pamoja. Kuume kwangu palikuwa korongo. Nikanyoosha usukani, vyote vikarudi. Kona nyingine ya kushoto, giza tena! Kona za kuume hazikuwa na neno. Hapo nikaelewa: kuna waya umechubuka, na usukani ukienda kushoto unausukuma ugusane na chuma.

Kuelewa si kutengeneza. Kazi ile inataka watu wawili, mmoja ageuze usukani, mwingine aingize kichwa chini aone cheche inatokea wapi. Nilijaribu kulala chini karibu na pedali na kugeuza usukani kwa mkono mmoja. Sikuona kitu. Mwanga wa jioni ulikuwa unaisha. Umewahi kuona mwanaume analia kwa kukosa mkono wa pili? Mimi nililia kidogo.

"Kaka, nikusaidie?"

Alikuwa mwanaume wa umri wangu, jembe begani, amejifunika blanketi kama watu wa kazi ya barabara. Sikumsikia akija, lakini mvua ilikuwa na kelele. Simlaumu kwa hilo.

"Unajua gari?" nikamuuliza.

"Hapana. Mimi najua kungoja tu."

Nilicheka. "Basi panda, ukamate usukani. Nikisema kushoto, unageuza polepole. Usiguse kitu kingine!"

"Niguse nini? Hii nyumba yako ya chuma iko inaniogopesha."

Nikalala chini. "Kushoto!"

Cheche ikaruka nyuma ya mhimili wa usukani. Niliuona waya, mpira wake umebanduka kama ganda la mti. Na katika mwanga ule niliona miguu yake, karibu na pua yangu. Ilikuwa mikavu. Tena ilikuwa na vumbi, vumbi jeupe la kiangazi. Labda alijipangusa, nilijiambia. Lakini vumbi alilitoa wapi siku ile?

Niamini, hofu ilikuja baadaye. Wakati ule nilitaka kitu kimoja, kitambaa. Waya ulio wazi lazima ufungwe, na kitambaa kikilowa umeme unapita. Shati langu, suruali, magunia ya chumvi, vyote vilikuwa vinachuruzika maji.

"Unatafuta nini?"

"Kitu kikavu, kaka. Chochote."

Akapasua ukingo wa blanketi yake, akanipa. Kilikuwa kikavu, na cha moto kidogo, kama kimeanikwa juani. Nikafunga waya. "Kushoto!" Cheche hakuna. Nikawasha moteri, taa zikamulika miti.

"Sasa unibebe," akasema. "Unipeleke kwetu Masisi, kwa mama. Jina langu ni Bahati."

"Mimi niko nashuka, na hapa gari haligeuki. Nikirudi nitakubeba."

"Madereva wote wanasema vile."

"Mimi nitarudi."

Kisha akasema, "Basi kile kitambaa usikitoe," akashuka upande wa korongo. Upande ule hapakuwa na mahali pa kukanyaga.

Kule chini nilimkuta zamu ameshika kamba ya kizuizi, malori yananguruma nyuma yake.

"We, kobe!" akanipigia kelele. "Ulikuwa unalala huko ao unaoa?"

Nilipomweleza, aliacha kucheka. "Alikuambia jina?"

"Bahati."

Akaketi juu ya jiwe. Alisema Bahati alikuwa mutu wa kuchimba barabara. Kiangazi kimoja udongo ulimfunika kwenye ile kona, mwili haukutolewa. Kwao, mutu akifia mbali na mwili usipatikane, wanampelekea mama yake nguo yake, wanaizika, hapo njo anahesabiwa amefika nyumbani. Ya Bahati ilibaki chini pamoja naye. "Amewaomba wengi," zamu akasema. "Wanakimbia."

Huko Walikale fundi alitaka kuufunga ule waya kwa utepe wake mweusi. Nilimkatalia, akaniita mshamba. Nikirudi nilisimama kwenye kona, nikafungua mlango wa abiria. Hakuna mutu. Nikangoja kidogo, nikafunga. Gari lilipanda kwa taabu ingawa chumvi ilikuwa imebaki Walikale. Lakini lilikuwa gari zee, huenda ni hilo tu.

Masisi niliuliza mpaka nikaonyeshwa mama yake, mwanamke muzee aliyekuwa anamenya maharagi mlangoni. Nikakifungua kitambaa kwenye waya, nikampa. Akakipapasa ukingo, mahali aliposhona kwa mkono wake. Hakulia.

"Umechelewa, Bahati," alikiambia kitambaa. "Ingia. Chakula kimepoa."

Kisha akaniangalia. "Na wewe, Papa? Nani anakungoja?"

Nilimwonyesha gari, nikaenda kuliwasha.

Tangu siku ile sijamwona Bahati tena, wala ule waya, nilioufunga kwa kitambaa kingine, haukunisumbua. Lakini mvua ikinyesha nami niko peke yangu, nikifika kona ya kushoto ninajikuta nasema kwa sauti, "Kushoto!" Kisha ninasikiliza. Ni vibaya kumkumbuka mutu uliyekaa naye muda mfupi vile?

Wewe unayepita njia ile, weka kitambaa kikavu chini ya kiti. Na mutu wa barabarani usimwambie "nikirudi nitakubeba" kama huna nia, awe mzima ao hapana. Wewe utasahau kabla ya kona ya pili. Yeye atakaa palepale, na hujui ameanza kungoja lini.