Mlango wa Bi Mapenzi

Ukialikwa harusi Mwabungo ukamkuta Bi Mapenzi amekaa mlangoni, usijisumbue kujifanya umeisahau simu nyumbani. Atakuitikia shikamoo yako vizuri kabisa, kisha atauliza, "Simu iko wapi, mwanangu?" Usipoitoa, macho yatashuka kifuani, maana anajua wanawake wa huku simu tunazificha wapi. Mimi ni jirani yake, tunaazimana chumvi na jiko tangu usichana wetu, na hata mimi hunipekua. Mwaka mmoja nilijaribu kupita na kile kisimu changu cha tochi. Kikalia mbele yake. Mpaka leo akitaka kunikera, hukiulizia hali.

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Siku ya kupamba, kama unavyojua, wanawake hukutana peke yao. Buibui zinavuliwa, nywele zinaachiwa, leso zinafungwa viunoni na chakacha inachezwa na watu ambao barabarani huwezi kuona hata vifundo vya miguu yao. Zamani tuliogopa mvulana wa kuchungulia kwenye tundu la makuti, na dawa yake ilikuwa ufagio. Siku hizi jicho linaingia ndani ya mkoba. Kuna harusi moja ambapo mke wa mtu alipigwa picha akicheza, picha ikazunguka simu hadi simu, na yule mwanamke hajahudhuria harusi tena. Baada ya hapo ndipo Bi Mapenzi alipochukua kigoda chake na kapu la ukindu akaenda kukaa mlangoni.

Utaratibu wake ni huu. Anachana kitambaa cha leso kuukuu vipande viwili, kimoja anaifungia simu yako, kingine anakufunga mkononi. Ukitoka, kingo za vile vipande sharti zikutane. Zisipokutana, hata ukilia machozi ya damu, simu hupewi. "Neno langu ni moja," husema. "Ya ndani yatabaki ndani." Na sisi kwa neno hilo tulikuwa tunavua buibui bila kutazama nyuma.

Aliyepita na simu ni mmoja tu, Husna mpiga picha, kwa sababu bila yeye bibi harusi angebaki na picha gani? Kamera yake ilikuwa ikituma picha kwenye simu papo hapo, nayo simu ikizipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile inayoitwa klaudi. Alikuwa akijivunia sana jambo hilo. "Hata simu ikitumbukia chooni, picha zenu ziko salama," alituambia. Bi Mapenzi alimuuliza kama simu yenyewe itatoka ndani kabla ya shughuli kwisha. Husna akaapa haitatoka. Na kweli haikutoka.

Sasa ikafika harusi ya Mejumaa. Huyu ni binti wa marehemu dada yake Bi Mapenzi, aliyemlea tangu anatambaa, kwa kuwa yeye mwenyewe Mungu hakumjaalia mtoto. Mejumaa alikuwa anaolewa Msambweni. Msambweni ni kupanda gari na kushuka, lakini ukimsikiliza Bi Mapenzi ungedhani msichana anapelekwa Bara Hindi. Wiki nzima alikuwa akifunga na kufungua sanduku la bibi harusi, akiongeza vitu ambavyo Msambweni vinauzwa kila duka. Chumvi aliitia na mimi nikaitoa.

Siku ya kupamba tulizungusha maturubai uani, na baada ya swala ya alasiri ngoma ikaanza. Bi Mapenzi alikaa mlangoni kama kawaida, buibui mpaka kwenye vidole vya miguu, uso wa hakimu. Tangu afiwe na mumewe hakuna aliyewahi kumwona akicheza, na wengi wetu tulikuwa tumeshasahau kwamba wakati wake hakuwa na mpinzani. Mara Mejumaa akaja mlangoni mwenyewe na hina yake mbichi, akamnyooshea mkono. "Mama, leo tu."

Akanitazama. "Jirani, nishikie mlango."

Nikakaa kwenye kigoda. Bi Mapenzi akavua buibui, kumbe ndani kuna dera la zambarau, akajifunga leso nyekundu kiunoni na akaingia uwanjani. Sitasema mengi. Nitasema tu kwamba wasichana waliokuwa wakijiona hodari walisogea pembeni wakajifanya wanataka maji. Husna akapiga picha mfululizo. Bi Mapenzi akarudi akihema, akavaa buibui yake, akanifukuza kwenye kigoda, na uso wa hakimu ukarudi mahali pake.

Hakukaa sana, tukamwona Swabir, mume wa Husna, anakuja mbio kutoka barabara kuu. Swabir ni kinyozi. Alikuwa bado na joho la kunyolea shingoni na mashine mkononi, waya unaburutika.

"Shikamoo, bibi. Nina haja na Husna."

"Marahaba. Mwanamume hapiti hapa."

"Sitaki kupita. Nataka azime simu yake. Nimempigia hapokei."

"Yuko kazini. Simu yake inakuhusu nini?"

Swabir akatazama ndara zake. "Bibi, picha zinakuja dukani."

"Picha gani?"

Hapo nilimwona mwanamume mzima anatafuta njia ya kusema bila kusema. Akafuta jasho kwa mashine ya kunyolea. "Dera la zambarau, bibi," akasema mwishowe. "Na leso nyekundu. Na... ulikuwa umeinama kidogo."

Bi Mapenzi alikuwa amefunikwa gubigubi mbele yake. Hakuna mwanamume ambaye angeweza kujua rangi ya nguo aliyoivalia buibui siku ile.

Mambo yalikuwa hivi. Hifadhi ya Husna ya mtandaoni ilikuwa imejaa, na Swabir, kwa mapenzi ya mume kwa mkewe, akamwambia atumie akaunti yake yeye, ina nafasi tele. Akaunti hiyohiyo ndiyo aliyoiunganisha na runinga ya kinyozini, ili ionyeshe picha za mitindo ya nywele, mpya zikitangulia, wateja wachague. Basi alasiri ile bwana harusi mwenyewe, aliyetoka Msambweni kuja kunyolewa, alikuwa kwenye kiti, na mzee Chome anangoja zamu povu limeshamjaa kidevuni, wote wanatazama mitindo. Ikaja picha ya mapambo. Ikaja ya mikono yenye hina. Ya tatu ikawa Bi Mapenzi. Swabir alichanganyikiwa hata akamfunika bwana harusi kichwa kwa taulo badala ya kuifunika runinga, ndipo akakumbuka kuchomoa waya ukutani. Mzee Chome aliuliza, "Yule si Mapenzi yule?" Kisha akalalamika kwamba povu limemwingia machoni hakuona vizuri, na nasikia malalamiko yenyewe yalitoka moyoni.

Lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Nilimwona Bi Mapenzi ameshika ukingo wa kapu lake lenye simu zetu zote, zimefungwa vizuri kila moja na kitambaa chake, na nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea siku ya msiba wake. Pale mlangoni tuliojua tulikuwa watatu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Jirani, nyamaza. Husna azime simu, yaishe."

"Wamevua kwa neno langu," akasema. "Lazima wajue kabla hawajatoka."

Akaingia ndani, akainua mkono, ngoma ikanyamaza. "Mlango wangu umevuja," akawaambia. Akaeleza yote, bila kumtupia Husna lawama wala kujipunguzia yeye. Zogo lililozuka usiniulize. Husna akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni, akaapa hakujua kwamba kinachopanda kwenye akaunti ya mumewe kinashukia popote mumewe alipofungua akaunti ile. Mmoja akataka simu yake itupwe kisimani. Mwingine akauliza, "Wamemwona nani?"

"Mimi," akasema Bi Mapenzi.

Kisha bibi mmoja kizee aliyekaa mkekani akasema, "Basi leo wamejua wanachokikosa," na kicheko kikapasuka. Hata hivyo wapo walioondoka bila kuaga, wakinyoosha mikono kwa simu zao na nyuso zimekaza. Harusi iliyofuata, wanawake walicheza na buibui zao, wakitoka jasho kama wapishi. Bi Mapenzi alikaa kwenye kigoda akiwatazama, na nyumbani hakula.

Kesho yake baada ya mkasa ule aliwaita Husna na Swabir kwake, mimi nikaenda kwa kuwa nyumba yake nayo ni yangu. Swabir akazifuta picha mbele yetu, baada ya Husna kuzihamisha kwenye akaunti mpya isiyounganishwa na kitu kingine. Tukashusha pumzi. Ndipo Husna akasema kwamba zilizofutwa hazijafutika bado, zimekwenda kukaa kwenye pipa.

"Pipa hilo anamwaga nani?" akauliza Bi Mapenzi.

"Linajimwaga lenyewe, baada ya muda."

"Mwaga sasa hivi, na mimi nikiona."

Likamwagwa. Akataka pia kujua neno la siri la Swabir, akaambiwa ni jina la duka na moja mbili tatu, na kwamba vinyozi wake wote wanalijua. Bi Mapenzi alimtazama tu Swabir, nasi tukamhurumia Swabir.

Akaunti mpya aliipangia utaratibu wake mwenyewe. Neno la siri likagawanywa sehemu mbili, kama kile kitambaa. Husna anaandika nusu yake, anageuza uso, Bi Mapenzi anaandika nusu ya kwake kwa kidole kimoja, polepole, akiificha simu kwa mtandio. Peke yake hakuna anayeweza kufungua. Ukitaka picha zako, unakuja barazani kwake, wote wawili wakiwepo, unachapishiwa zako na unaondoka nazo ndani ya bahasha. Habari hizo zikaenea. Harusi baada ya harusi buibui zikaanza tena kuvuliwa, kwanza na wasichana, mwishowe hata na wale walioondoka wamenuna.

Kila bibi harusi amechukua picha zake, isipokuwa Mejumaa. Kila akiomba, Bi Mapenzi humwambia mambo ya siku ile hayajapoa, asubiri. Basi kila mwezi Mejumaa hupanda gari kutoka Msambweni, sasa tumbo limeshakuwa kubwa, wakaketi barazani watatu. Husna anaandika nusu yake, mama mtu nusu yake, na picha wanayoanza nayo ni ileile ya dera la zambarau. Hucheka mpaka mimi nawasikia ukutani. Kisha Mejumaa anapikiwa, analala mchana, anasukwa nywele, na jioni anasindikizwa stendi.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Mambo yalipoa zamani, hata mzee Chome ameacha kuulizia. "Jirani," nikamwambia, "mtoto ni mjamzito, barabara ina mashimo. Kwa nini usimchapishie picha zake akae nazo kwake?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Nikimpa," akasema, "atakuja kufuata nini?"