Ruhusa ya Kukaa

Harufu ya maua ya pareto yaliyoanikwa juani ni kali, inakwaruza koo, na wengi huikimbia. Mimi huivuta kwa nguvu. Nikiikuta popote, hata kwenye gunia tupu la mtu nisiyemjua, mara moja nimerudi kuwa binti wa miaka tisa kwenye mteremko wa mlima juu ya mji wa Mbeya, vidole vimenata, baridi inanichoma masikio, na mama yangu yuko mbele yangu anachuma kwa mikono miwili, kwa kasi ambayo hakuna jirani aliyeiweza.

Mama alikuwa Mhehe wa Iringa. Baba, Msafwa wa hapo milimani, alimkuta huko alipokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku, akarudi naye kwa lori. Mama akajifunza Kisafwa, akakisema kwa lafudhi iliyowavunja mbavu wanawake kisimani, naye akicheka pamoja nao. Nyumbani lugha zetu zilikuwa tatu: Kihehe cha kubembelezwa, Kisafwa cha kutumwa, na Kiswahili cha kugombezwa. Nikisikia mama anaanza kwa Kiswahili, nilijua nimevunja kitu.

Mwaka ule wa hamsini na kitu, wakati wa baridi kubwa, kichomi kilimchukua baba. Mama alibaki na mimi, na mdogo wangu ambaye bado alibebwa mgongoni, na shamba la pareto walilolifungua wawili kwa jembe la mkono.

Desturi ya ukoo wetu ilikuwa hivi. Siku ya kumaliza matanga, ndugu wa marehemu humpa mjane kibuyu cha pombe ya ulezi. Akinywa, amekuwa mke wake. Asiponywa, anarudi kwao, peke yake. Watoto ni wa ukoo, wanabaki. Basi nikwambieni, wiki ile sikulala vizuri. Nilimshika mama upindo wa kanga kila alikokwenda, hata chooni nilimngoja mlangoni.

Watu wakaanza kuja kumshauri. Wa kwanza alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyefika kutoka Iringa na vumbi la njia nzima kwenye nyusi.

“Kamwene, dada,” alimsalimu kwa Kihehe, akakaa. “Funga mizigo. Kwenu kupo. Hakuna wa kukugawa kama mbuzi.”

“Na watoto?”

Mjomba akatazama chini. “Utazaa wengine.”

Mama alimpikia ugali, akamwandalia mahali pa kulala, lakini mizigo hakufunga.

Wa pili alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu, mtu mpole mwenye koti lililombana kwapani. Yeye alisema pombe ya mizimu mama asiiguse kabisa. Aende bomani kwa bwana shauri, huko watamwandikia kwamba yuko huru, hakuna mwanamume wa ukoo atakayemgusa. Kisha aje akae kwenye nyumba za misheni, yeye na watoto wake.

Nilimwona mama akifikiri sana. Alikuwa amebatizwa, na Jumapili hakukosa. Lakini alimjibu hivi, na maneno yale nimeyabeba hadi leo:

“Mwinjilisti, kila mtu ananipa ruhusa ya kuondoka. Mimi nataka ruhusa ya kukaa. Mume wangu amelala pale nyuma ya migomba. Mama yake ananiita mwanangu. Hawa ndio watu wangu. Ninachokataa ni kitanda tu.”

Mwinjilisti akakohoa, akaomba maji.

Siku ikafika, asubuhi ya jua kali na upepo. Ua wetu ulijaa. Baba mkubwa, mkuu wa ukoo, alikaa kwenye kigoda. Wanawake walikaa kwenye mikeka, bibi yangu katikati yao, mama mzaa baba, mdogo wa mwili kama mtoto. Mjomba alisimama penye mlango wa ua, tayari kwa safari. Baba mdogo, aliyepaswa kumrithi mama, alitokea na kibuyu mikononi. Alikuwa mtu wa utani, mwenye wake wawili waliokwisha kumchosha, lakini siku hiyo hakumtania mtu, na povu la pombe likamwagikia miguuni asilione.

Mama alipiga magoti, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Mjomba akageuza uso. Mimi nikasimama. Bila kukinyanyua mdomoni, mama akasema:

“Shemeji, niambie mbele ya wakubwa. Unanitaka, au unaogopa kusemwa?”

Baba mdogo akamtazama kaka yake, akawatazama wake zake.

“Naogopa kusemwa, shemeji,” alisema.

Mke wake mkubwa alicheka kwanza, halafu mikeka yote ikacheka. Baba mkubwa akagonga fimbo yake, akamwita mama kwa jina langu. “Mama Enesi, desturi si mchezo. Kunywa, au weka chini uende.”

“Sitakiweka chini, baba. Desturi yenu inasema mjane asibaki bila mtu wa kumshika mkono. Ni desturi nzuri. Lakini haikusema mtu huyo lazima awe na ndevu.”

Akainuka na kibuyu, akavuka ua, akapiga magoti tena mbele ya bibi. “Mama, nimekuja nyumba hii nikiwa mke. Nipokee nibaki nikiwa binti yako. Nitalima, nitawatunza wafu wenu na walio hai. Nipe wewe kwa mkono wako.”

“Haijawahi kuwa!” mzee mmoja akapaza sauti.

Bibi alinyoosha mikono. Alikipokea, akanywa funda refu, akampa mama. Mama akanywa. Bibi akakichukua tena, akamaliza kilichobaki, akakipindua kibuyu mbele ya macho ya wanaume wote. Tone moja likadondoka mchangani.

“Imekuwa,” alisema.

Vigelegele vilivyolipuka pale, sijavisikia hata kwenye harusi yangu mwenyewe. Baba mkubwa alingoja vitulie, akakuna kidevu, kisha akasema amelewa kwa kutazama tu, aletewe naye. Nikamrukia mama hadi tukaanguka. Mjomba alirudi Iringa kesho yake, bila dada yake, akiimba. Na baba mdogo, aliyekuwa huru kuliko wote, alitulimia kila msimu na kutuita wanawe mpaka alipozeeka.

Nilipokuwa mtoto nilidhani mama aliushinda ukoo. Nilipokuwa mtu mzima ndipo shangazi aliponiambia kwamba bibi naye alikuwa mjane ujanani, akapewa kibuyu, akanywa mkononi mwa mtu ambaye yeye alimchukia, kwa ajili ya watoto. Hakuna aliyemuuliza neno. Ndipo nikaelewa kwamba siku ile ua mzima ulishinda. Mama aliuliza swali ambalo wengi walikuwa wamelimeza, na mwanamke mzee aliyelimeza muda mrefu kuliko wote akapata, hatimaye, nafasi ya kulijibu.