Raymundi Alivyokutana na Mkwewe Ulingoni

Raymundi Mahona wa Itetemia alijifunza ngumi jeshini, wakati wa vita ya Burma. Aliporudi Tabora akaona heri apigwe kwa malipo kuliko kurudia jembe. Bahati nzuri, wengi waliopigwa walikuwa wenzake.

Mwaka 1949 akamwoa Apolinaria, binti kutoka Puge. Harusi haijapoa, akapambanishwa na bondia wa Nzega aliyejulikana kwa jina la Radi. Walipokutana ulingoni ndipo Raymundi akamtambua. Radi alikuwa Kashindye, mjomba wa mkewe, aliyeongoza mazungumzo ya mahari. Na mkwe hapigwi.

Kengele ikalia. Raymundi akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba," Kashindye akaitikia, akamtandika konde la shavu.

Raymundi aliuzunguka ulingo akijikinga uso, watu wakimzomea. Ngumi zilimuuma, lakini aibu ya kusimama kifua wazi mbele ya mkwe ilimuuma zaidi. Raundi ya nne akaanguka, na alipokuwa chini akaomba radhi.

Kesho yake Kashindye akaja nyumbani kwao na jogoo mkononi.

"Mwanangu, umepata mume," alimwambia Apolinaria. Kisha akamgeukia Raymundi, ambaye jicho lake moja lilikuwa limefumba. "Ila mkono wa kushoto unaushusha mno. Ukishapona, njoo Nzega nikufundishe."

Raymundi akaenda. Baada ya hapo alishinda Mwanza, akashinda Kigoma, na kila alipotafutiwa mpinzani aliuliza kwanza ukoo wake.